Amri Hii Inaandika Wapi?

Mwezi uliopita kijana mmoja anayehudumia kompyuta za shirika dogo hapa Dar es Salaam alinipigia simu, akaniamkia, kisha akaingia moja kwa moja kwenye shida yake. Seva yao ya mafaili ilikuwa na diski nne zilizounganishwa kwa RAID 5 ya Linux. Mazabodi ikaungua. Wakanunua nyingine, wakachomeka diski zilezile, wakawasha. Diski zote nne zikaonekana, safu haikuonekana. Aliuliza huku na huku, akapewa amri ya kuunda safu upya. Akaiandika, safu ikatokea, lakini mfumo wa mafaili ukakataa kufunguka. Akapewa amri ya pili, fsck, ya kukagua na kurekebisha mfumo wa mafaili, tena ile yenye -y, inayojibu "ndiyo" kwa kila swali. Ilikesha ikirekebisha. Kulipokucha, folda ya lost+found ilikuwa imejaa mafaili yasiyo na majina, na hesabu za shirika hazikuonekana kokote.

Alitaka kujua alikosea wapi. Yeye alishaamua kwamba aliua data pale alipounda safu upya. Nilimwambia kwamba, kwa jinsi alivyonieleza, amri ya kwanza pengine haikugusa hata faili moja. Iliyomaliza kila kitu ni ya pili. Hakuniamini, na simlaumu. Hata mimi nimelielewa jambo hili polepole, kwa kushika diski za watu wengi, na halielezeki kwa simu.

Niliingia kwenye kazi hii mwaka 2006, mwaka wa ukame ambao wakazi wa jiji hili wanaukumbuka kwa mgao wa umeme. Nilikuwa msaidizi wa fundi mmoja mtu mzima katika ofisi ya wapima ardhi maeneo ya Posta. Tulimwita Mzee, ingawa hakuwa na mvi hata moja. Seva ilikuwa na diski nne za gigabaiti 250, RAID 5, na UPS ambayo betri zake zilikuwa zimechoka kabisa: umeme ukikatika inapiga kelele, kisha kelele na seva vinazima pamoja.

Asili ya RAID ni makala ya mwaka 1988 ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Walipendekeza kwamba badala ya kununua diski moja kubwa ya bei mbaya, watu waunganishe diski nyingi ndogo za bei nafuu. Walijua ubaya wa pendekezo lao: ukiwa na diski nyingi, haichukui muda mojawapo kufa. Dawa yake ni hesabu ya darasa la pili. Chukua biti moja kutoka kila diski ya data, mahali palepale. Kwenye diski inayobaki andika biti itakayofanya idadi ya moja zote iwe shufwa. Diski yoyote ikifa, unahesabu moja zilizobaki. Zikiwa witiri, iliyopotea ilikuwa moja. Zikiwa shufwa, ilikuwa sufuri. Biti hiyo ya nyongeza ndiyo pariti. Katika RAID 5 pariti haikai kwenye diski moja; inahama, mstari huu iko diski ya nne, mstari unaofuata iko ya tatu, ili mzigo ugawanyike. Naomba msomaji aishike hiyo shufwa, tutaihitaji.

Asubuhi moja, baada ya umeme kwenda na kurudi usiku kucha, safu ya wapima ardhi ilikataa kuwaka. Kerneli ilitoa maelezo mafupi: safu ni pungufu, tena chafu, siiwashi. Pungufu maana yake diski moja haimo. Chafu maana yake umeme ulikatika wakati wa kuandika. Kila moja peke yake inavumilika. Diski ikikosekana, pariti inajaza pengo. Umeme ukikatika huku diski zote zipo, Linux inapita mstari kwa mstari ikihesabu pariti upya. Zikikutana ndipo pana hatari. Huenda data ya mstari fulani iliwahi kuandikwa na pariti yake haikuwahi, halafu pariti hiyohiyo ndiyo tunayoitegemea kutuambia kilichokuwamo kwenye diski isiyokuwapo. Itajibu, na jibu litakuwa la uongo bila dalili yoyote ya uongo. Kerneli ilikuwa na uwezo wa kuiwasha. Ilikataa kubahatisha, ikamwachia binadamu aamue.

"Mzee, si kuna njia ya kuilazimisha?" nilimuuliza.

"Ipo. Ukiilazimisha itaandika nini, na itaandika wapi?"

Sikuwa na jibu. Akafungua kauntabuku, akachora safuwima nne kwa rula, akaanza kusoma diski moja baada ya nyingine kwa mdadm, programu ya kusimamia RAID ya Linux, akitumia mdadm --examine, amri ambayo kazi yake ni kusoma tu. Ndipo nilipoiona supabloku kwa mara ya kwanza. Kila diski iliyo kwenye safu ya Linux inabeba kumbukumbu fupi kuhusu safu nzima: kitambulisho cha safu, idadi ya wanachama, nafasi ya diski hii kati yao, ukubwa wa vipande vya data, siku ya kuundwa, mara ya mwisho kuandikwa, na namba inayoitwa hesabu ya matukio, ambayo hupanda kila hali ya safu inapobadilika. Kwa muundo wa zamani, 0.90, ambao ndio tuliokuwa nao, kumbukumbu hiyo ya kilobaiti 4 ilikaa karibu na mwisho wa diski.

Mzee alinieleza kwa mfano wa kikoba. Kila mwanachama ana daftari lake lenye mambo ya kikundi kizima. Anayehudhuria kila kikao, daftari lake limefika ukurasa wa leo. Aliyekosa vikao viwili, daftari lake limebaki nyuma kidogo. Aliyeacha kuja tangu mwezi wa pili, daftari lake bado limeandikwa vizuri, tena kwa mwandiko safi, ila linasema habari za mwezi wa pili.

Namba zilipokamilika kwenye kauntabuku, diski mbili zililingana, ya tatu ilikuwa nyuma kwa hatua chache, na ya nne ilikuwa nyuma mno. Tarehe yake ya mwisho ilikuwa ya wiki kadhaa kabla. Kumbe diski hiyo ilitoka kwenye safu zamani na seva ikaendelea na tatu bila mtu kujua. mdadm ilikuwa imetuma barua pepe kwa mtumiaji anayeitwa root, kama ilivyoelekezwa. Katika ofisi ile root alikuwa hana mtu.

Ndipo aliponijibia swali alilonitupia. Amri ya kuikusanya safu kwa nguvu, --assemble --force, inaandika kidogo sana: inapandisha hesabu ya matukio ya diski iliyochelewa ilingane na wenzake, na inaondoa alama ya uchafu. Inaandika ndani ya supabloku basi, mafaili hayaguswi. Ile ya nne aliing'oa kabisa na kuiweka mezani. Ilikuwa inasomeka vizuri, na huo ndio uliokuwa ubaya wake, maana ingeingizwa ingechanganya ramani za leo na ramani za mwezi mwingine, na hakuna ambaye angegundua hadi siku mtu atakapojenga ukuta kwenye kiwanja cha jirani. Safu iliwaka na diski tatu. Mafaili machache yaliyokuwa yakiandikwa usiku ule yaliharibika. Ramani za viwanja zilipona.

Miaka iliyofuata ilinifundisha zaidi kuhusu neno "kufa". Mwishoni mwa 2011 mafuriko ya Thailand yalifunga viwanda vya diski, bei zikapanda dunia nzima, na watu wakanunua chochote walichokipata. Studio moja ya filamu pale Sinza ilinunua diski tano za terabaiti 2 za kompyuta za kawaida za mezani, wakaunda safu ya kuwekea video. Baada ya mwaka hivi nikaitwa. Mwenye studio alinipokea mlangoni.

"Fundi, diski mbili zimekufa ndani ya siku moja. Niliuza gari nikanunua hizi."

Diski mbili ndani ya siku moja, katika RAID 5, ni mwisho wa safu. Lakini nilipozichomeka kwenye mashine yangu zote mbili ziliamka na kusoma. Logi ya kerneli ndiyo iliyosema ukweli. Diski ya mezani ikikutana na sekta isiyosomeka hung'ang'ana nayo, wakati mwingine kwa dakika mbili au zaidi, kwa kuwa imetengenezwa ikijua kwamba haina mwenzake wa kumsaidia. Linux kwa kawaida huingoja diski kwa sekunde 30. Zikipita inaigonga, diski imezama kwenye ile sekta, haijibu, Linux inahitimisha kwamba imekufa na kuitoa kwenye safu. Diski zinazotengenezwa kwa ajili ya seva huacha kung'ang'ana baada ya kama sekunde 7 na kusema wazi kwamba imeshindikana. Hapo safu inakokotoa kilichokosekana kutoka kwa diski nyingine, inakiandika palepale, diski inabadilisha sekta ile mbovu kwa ya akiba, na kazi inaendelea bila mwenye studio kujua lolote.

Kwa hiyo diski ya kwanza ilitolewa kwa sekta moja. Wakaweka mpya, safu ikaanza kujijenga upya. Kujenga upya kunalazimu kusoma kila sekta ya kila diski iliyobaki, zikiwemo zilizobeba picha za harusi ambazo hakuna aliyezifungua tangu ziandikwe. Diski ya pili nayo ilikuwa na sekta mbovu huko ndani, haijulikani ya tangu lini. Sekunde 30 zikapita, ikatolewa.

Ukaguzi wa kugundua sekta za namna hiyo mapema upo, na Debian, aina ya Linux waliyokuwa wakiitumia, ilikuwa ikiufanya yenyewe kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa saba kasoro dakika tatu usiku. Studio ile ilikuwa ikizima seva kila Jumamosi jioni ili kuokoa umeme. Nilicheka peke yangu kwenye gari.

Tiba haikuwa ngumu, ilikuwa ndefu. Nilinakili zile mbili kwenye diski mpya kwa ddrescue, programu ya Antonio Diaz Diaz, ambayo huchukua kwanza yanayosomeka kirahisi, kisha hurudi kwenye magumu ikiweka ramani ya ilikofika, kiasi kwamba hata ikizimwa katikati inaendelea ilipoachia. Nakala zilipungukiwa na kilobaiti chache tu. Safu ikakusanywa kwa nguvu kutoka kwenye nakala. Kisha niliziambia diski zao, kwa smartctl, ziache kung'ang'ana baada ya sekunde 7. Ile moja isiyokubali maagizo hayo niliiongezea muda upande wa Linux hadi sekunde 180. Mipangilio hiyo hupotea diski ikizimwa, kwa hiyo ni lazima iandikwe kwenye maagizo ya kuwasha mashine. Mafundi wengi husahau hapo.

Tangu Sinza, mtu akiniambia diski imekufa namuuliza nani amesema. Mara nyingi ni kerneli, na kerneli inahukumu kwa saa.

Kazi iliyonifundisha zaidi ni ya zahanati moja ya binafsi mkoani. Picha zao za eksirei zilikuwa kwenye safu ya diski nne iliyoundwa miaka mingi nyuma. Baada ya hitilafu ya umeme safu haikuwaka, wakaita fundi wa karibu, naye akafanya kile kile alichokifanya kijana wa mwezi uliopita: mdadm --create. Amri ile ilimuuliza. Ilimwambia kwamba diski hizi zinaonekana kuwa za safu nyingine, je, aendelee? Akaandika y. Namshukuru fundi yule kwa jambo moja: alipoona mafaili hayafunguki, aliacha. Hakuandika amri nyingine.

Kuunda safu upya juu ya ya zamani kunaweza kuwa salama kabisa endapo kila kipimo kitakuwa kilekile: mpangilio wa diski, ukubwa wa vipande, mahali data inapoanzia, toleo la supabloku. Vipimo hivyo vyote ndivyo vilivyoandikwa ndani ya supabloku, ambayo create huifuta na kuandika yake. Mtu anafuta ramani ili aikumbuke. Ubaya unazidi kwa sababu usipotaja vipimo, mdadm hutumia vya kawaida, na vya kawaida vimebadilika. Neil Brown, Mwaustralia aliyeanza kuiandika mdadm mwaka 2001, na waliomsaidia, walikuwa na sababu nzuri za kubadilisha. Vipande vilikuwa kilobaiti 64, vikawa 512. Supabloku ilikuwa 0.90 mwishoni mwa diski, ikawa 1.2, kilobaiti 4 kutoka mwanzo. Data ilianza mwanzoni kabisa mwa diski, sasa inaanza mbele zaidi, na umbali huo nao umebadilika toleo kwa toleo. Safu ya zahanati ilikuwa ya zama za kwanza. Fundi alikuja na CD ya zama za pili.

Nilianza kwa kutoiamini hata mikono yangu. Juu ya kila diski niliweka tabaka, kwa dmsetup: faili tupu kwenye diski nyingine inayopokea kila kinachoandikwa, huku diski yenyewe ikisomwa tu. Kwa utaratibu huo unaweza kuunda safu mbovu, ukaijaribu, ukafuta tabaka, na diski haijui kwamba kulikuwa na mtu. Kama kuna jambo moja ambalo ningependa lifundishwe vyuoni kabla ya amri yoyote ya RAID, ni hili.

Kisha nikatafuta mpangilio. Diski nne zinapangika kwa namna 24, na mtu mvumilivu anaweza kuzijaribu zote. Ila kabla ya kubahatisha kuna vya kusoma. Mfumo wa uendeshaji ulikuwa kwenye diski nyingine, na logi za zamani zilikuwamo. Kila mara Linux inapowasha safu huandika diski ipi imechukua nafasi ipi. Zilikuwapo logi za miezi iliyopita. Majina ya sda na sdb si ya kutegemea, maana leo inaitwa sdb, kesho ukibadilisha tundu la waya inaitwa sdc. Lakini yalinipa pa kuanzia.

Pa pili pa kusoma ni diski zenyewe. Mfumo wa mafaili wa ext3 huweka alama yake baiti 1024 kutoka ulipoanzia, na mwanzo wake uko kwenye diski ya kwanza ya safu. Nilipochungulia, alama ilikuwa kwenye diski mbili. Nilikaa nikizitazama kwa muda. Halafu nikakumbuka shufwa. Katika mstari wa kwanza diski ya nne ina pariti. Kama diski ya pili na ya tatu zina sufuri mahali pale, pariti haina budi kufanana na ya kwanza biti kwa biti. Kwa hiyo diski hizo mbili ni ya kwanza na ya mwisho, na zilizobaki ni za kati. Kutoka namna 24 nikabaki na nne.

Kilichobaki ni kujua ipi kati ya nne ndiyo kweli, na hapa watu wengi hudanganyika. Wanafungua faili la maandishi, linasomeka, wanashangilia. Faili la kilobaiti 20 linaingia zima ndani ya kipande kimoja. Litasomeka hata kama diski nyingine zimechanganywa. Unahitaji faili kubwa kuliko mstari mzima. Picha za eksirei zilifaa sana. Mpangilio ukikosewa, kifua cha mgonjwa kinakatika mbavu ya tatu na kuendelea kwa vumbi. Mpangilio wa tatu ulitoa kifua kizima, na kingine, na kingine.

Palikuwa na jeraha moja dogo. Supabloku mpya ya 1.2 ilikuwa imeandikwa kilobaiti 4 kutoka mwanzo, na kwa safu ya zamani mahali hapo palikuwa ndani ya data: kwenye diski ya kwanza, jedwali la makundi ya mfumo wa mafaili. Ext3 ina nakala ya jedwali hilo mara baada ya bloku namba 32768, nikaitumia hiyo. Na kila nilipofungua mafaili kwa kuangalia tu, nilitaja ro pamoja na noload. Wengi hawajui kwamba kufungua ext3 au ext4 kwa kusoma tu bado kunaweza kuandika, kwa sababu mfumo hukamilisha kwanza jarida lake.

Sasa narudi kwa kijana na diski zake. Nilimuuliza kama zilikuwa na patisheni. Alisema hapana, safu ilijengwa juu ya diski nzima. Nikamuuliza zilitoka wapi. Alisema kwenye kompyuta za zamani za ofisi. Hapo nilijua. Diski iliyowahi kugawanywa patisheni kwa utaratibu wa GPT ina jedwali la patisheni mwanzoni na nakala yake mwishoni. Jedwali la mwanzo hukaa kwenye sekta ya 1 hadi ya 33, yaani ndani ya kilobaiti 17 za mwanzo. Ukijenga safu juu ya diski nzima, supabloku ya 1.2 inakaa hapohapo, kwenye kilobaiti ya 4, na nakala ya GPT inabaki imelala mwishoni. Baadhi ya mazabodi za kisasa zikiwashwa hukagua diski, huona jedwali la mwanzo limeharibika na la mwisho ni zima, na bila kumuuliza mtu hunakili la mwisho kuja mwanzo. Supabloku inafutwa kwa msaada ambao hakuna aliyeuomba. Nauita ufidhuli. Lakini data yenyewe, kwa safu za siku hizi, mara nyingi inaanza megabaiti 128 kutoka mwanzo. Haikuguswa.

Ndipo akaandika create, diski zikiwa zimebadilishana nafasi. Linux ikiunda RAID 5 mpya huifanya diski ya mwisho kuwa spea na kuijaza kwa kuhesabu zile nyingine. Hapa shufwa inafanya jambo ambalo bado hunifurahisha. Katika kila mahali, biti za diski nne kwa jumla ni shufwa, na shufwa haijali nani ametangulia. Ukizipanga diski kinyumenyume ukaijenga ya mwisho kutoka kwa tatu nyingine, kinachoandikwa ni kilekile kilichokuwapo. Mradi diski zote zilikuwa za wakati mmoja na data inaanza mahali pamoja kwenye kila diski, safu ilijenga usiku kucha bila kubadilisha kitu. Kwa RAID 6 sisemi hivyo. Pariti yake ya pili inategemea nafasi ya kila diski. Wala isingekuwa hivyo kama angeingiza diski ya zamani, kama ile aliyoing'oa Mzee.

Kwa hiyo hadi saa ile, data yao yote ilikuwepo. Diski ya kwanza ilikuwa kwenye nafasi yake kwa bahati, ndiyo maana fsck iliona alama ya ext4 na kukubali kuanza. Ikaendelea na diski nyingine ikakuta vipande vimehamana: folda zisizoelekea kokote, mafaili yanayodai nafasi moja. Kwa kila moja ikauliza, na -y ikajibu ndiyo. Kila "ndiyo" iliandikwa kwenye diski.

Ombi langu kwa mwenye seva ya namna hii, wakati safu yake ingali nzima, ni kama ifuatavyo. Toa mdadm --examine ya kila diski, andika pembeni namba iliyo kwenye lebo ya kila diski, chapisha, na uhifadhi karatasi hiyo nje ya seva. Ukijenga safu mpya, gawa kila diski kwa GPT kwanza na ujenge juu ya patisheni, mazabodi ikute jedwali halali na ikuache. Barua pepe za mdadm zielekeze kwa mtu mwenye jina. Weka bakapu kwenye mashine nyingine, kwa sababu RAID haikingi dhidi ya amri ya mwenye seva. Na safu ikishapotea, zima mashine, nunua au azima diski za kutosha kunakili zote, na usijaribu lolote hadi nakala zimekamilika.